The Rockford Files: mpelelezi anayedai ujira wake

Simu inalia juu ya meza iliyojaa karatasi na hakuna mtu wa kuipokea. Mashine ya kupokelea ujumbe inajiwasha, sauti tulivu ya mwanamume inajitambulisha kuwa ni Jim Rockford na kumwomba mpigaji aache jina na ujumbe wake, na baada ya mlio mfupi tunamsikia mtu ambaye kwa kawaida hatutakutana naye tena. Katika ujumbe mmojawapo, mwanamke wa dukani anamwarifu Rockford kwamba hundi yake imerudishwa na benki, kisha anamuuliza kama anataka ichanwe, irudishwe kwake au iwekwe pamoja na zile nyingine. Kila sehemu ya tamthilia ilifunguliwa kwa ujumbe mpya wa namna hii, na kabla muziki haujaanza mtazamaji alikuwa ameshafahamu kwamba mtu atakayemfuata kwa saa nzima ni mtu anayedaiwa.

The Rockford Files ilirushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia Septemba 1974 hadi Januari 1980, baada ya filamu ya utangulizi iliyoonyeshwa Machi 1974. Ina misimu sita na sehemu zaidi ya 120, na mhusika wake mkuu aliigizwa mwanzo hadi mwisho na James Garner. Walioibuni walikuwa wawili, Roy Huggins na Stephen J. Cannell; Huggins ndiye aliyekuwa amembuni pia yule mcheza karata mjanja ambaye Garner alimwigiza katika tamthilia ya Maverick mwishoni mwa miaka ya 1950, na ujamaa wa wahusika hao wawili haujifichi. Nimeitazama yote kwa muda wa miezi minne na zaidi kidogo, sehemu moja kila usiku baada ya kazi, na ninataka kuitetea kwa hoja moja: sijaona tamthilia nyingine ya upelelezi iliyouchukulia upelelezi kuwa kibarua cha mtu anayetafuta riziki, na ikashikilia jambo hilo kwa uaminifu kwa zaidi ya miaka mitano.

Bei ya Rockford ni dola 200 kwa siku, gharama nyingine kando. Anaitaja mapema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kuona nyuso zikibadilika inapotajwa, na sehemu kubwa ya maisha yake inapita katika kuidai. Kuna wateja wanaoanza kupatana bei kama walioko sokoni, wapo wanaotoa hundi zisizo na kitu nyuma yake, na wapo wanaomdanganya kuhusu kazi yenyewe hata akajikuta yeye ndiye chambo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sijui kama kuna mpelelezi wa televisheni aliyehudhuria matanga hayo mara nyingi kuliko yeye. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi za kujitegemea, akamaliza kazi ya watu kwa wakati na kisha akaanza kuzungushwa wiki baada ya wiki, ataujua uso wa Garner anapoambiwa kwamba malipo yako njiani. Nimeusimamisha mkanda zaidi ya mara moja ili niutazame vizuri. Macho yanabaki ya upole, lakini taya linakaza kidogo, na kichwa kinainama kama cha mtu anayehesabu kodi ya nyumba kimoyomoyo.

Nyumba yenyewe ni trela la zamani lililoegeshwa kando ya bahari huko Malibu, mahali panapoitwa Paradise Cove, karibu na Los Angeles. Ndiyo ofisi yake pia. Mtu akisikia Malibu anafikiria majumba ya matajiri, na watayarishaji walilielewa hilo vyema, kwa sababu mandhari ya bahari anayoipata Rockford bure ndiyo ile ile ambayo wateja wake wameinunua kwa fedha nyingi. Ndani mna jiko dogo, kochi linalogeuka kitanda, na kopo la biskuti ambamo anaiweka bastola yake. Hapendi kutembea nayo. Akitishiwa, anajaribu kwanza kuzungumza, kisha kukimbia, na ngumi inakuja mwisho kabisa. Na akimpiga mtu, mkono unamuuma na anaonekana ameumia. Anapigwa yeye mara nyingi zaidi. Katika tamthilia nyingi za wakati ule shujaa aliamka baada ya kipigo akiwa na nywele zilizopangwa sawasawa, lakini Rockford anaamka akitafuta dawa ya maumivu, na hofu yake inaelezwa kuwa ni akili timamu ya mtu mwenye mwili mmoja tu.

Kuna jambo jingine linalomfanya awe mwangalifu. Alikaa miaka mitano katika gereza la San Quentin kwa kosa ambalo hakulitenda, kisha akapewa msamaha. Waandishi hawakuliacha jambo hili liwe pambo. Polisi wengi wa jijini wanamtazama kama mhalifu aliyebahatika kutoka, na ndiyo maana mwanzoni anashikilia sana kuchukua kesi ambazo faili zake zimekwisha kufungwa, ili asishtakiwe kwa kuingilia kazi ya dola. Rafiki yake pekee katika jeshi la polisi ni Sajenti Dennis Becker, aliyeigizwa na Joe Santos kwa uchovu unaoaminika kabisa, mtu anayeombwa kila siku amwangalizie Rockford namba za magari na kila siku analalamika, kisha anaziangalia. Mazungumzo yao karibu na meza ya Becker, huku mkubwa wa kituo akipita nyuma, yana ukweli wa ofisi yoyote ambamo fadhila ndogo hutolewa kwa kunong'ona.

Ustadi wa Rockford uko katika ulimi wake. Ndani ya gari anaweka mashine ndogo ya kuchapia kadi, na hapa ninapenda kusimulia inavyokuwa, kwa sababu ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Anaegesha gari mtaa mmoja nyuma ya ofisi anayotaka kuingia. Anaitoa mashine, anapanga herufi, anachapa kadi moja yenye jina la uongo na cheo cha uongo, anaipulizia wino ukauke, anafunga tai. Akivuka mlango amekwisha kuwa mtu wa bima au mkaguzi wa serikali, sauti imepanda, mabega yamebadilika, naye hasubiri aulizwe swali bali anaanza kulalamika kuhusu foleni, joto na uzembe wa ofisi nyingine, hata karani anajikuta anamtuliza na kumfungulia makabati. Wakati mwingine anajigeuza Jimmy Joe Meeker, tajiri wa mafuta kutoka Oklahoma mwenye maneno mengi, na Garner, ambaye kwa kweli alizaliwa Oklahoma mwaka 1928, anakifanya kilugha hicho kwa raha ya mtu aliyerudi nyumbani. Hakuna kifaa cha ajabu wala maabara. Kuna uelewa wa jinsi watu wa maofisini wanavyoogopa karatasi na vyeo, na uelewa huo haujazeeka.

Hata hivyo moyo wa tamthilia hii ni baba yake. Joseph Rockford, ambaye wote wanamwita Rocky, ni dereva wa malori aliyestaafu, na katika tamthilia yenyewe aliigizwa na Noah Beery Mdogo, baada ya mwigizaji mwingine kuishika nafasi hiyo katika filamu ya utangulizi. Mzee huyu haipendi kazi ya mwanawe. Anamtaka ashike usukani wa lori, apate mshahara wa uhakika na chama cha wafanyakazi kitakachomtetea, na analirudia jambo hilo akiwa na fimbo ya kuvulia samaki mkononi, akiwa amebeba mfuko wa chakula, akiwa anatengeneza kitu kwenye trela ambacho hakuombwa akitengeneze. Mara nyingi mwanawe anamjibu kwa mkato. Kisha inafika jioni, wanakaa kula, na mzee anauliza polepole kama yule mteja amelipa. Sikumbuki tamthilia nyingine ya aina hii ambamo mapenzi ya baba na mwana waliokwisha kuwa watu wazima yameonyeshwa kwa mambo madogo kiasi hicho, bila hotuba na bila machozi ya kulazimishwa. Sisi tuliokulia katika nyumba ambamo mzee hasemi kwamba anakupenda ila anauliza kama umekula, tunaielewa lugha hiyo bila mkalimani.

Upande wa pili yuko Angel Martin, aliyekuwa naye gerezani, mwongo na mwoga anayeweza kumuuza rafiki yake kabla ya saa sita mchana na kurudi jioni kuomba mkopo. Stuart Margolin alishinda Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mara mbili kwa nafasi hii, mwaka 1979 na 1980, na alizistahili. Kuna watazamaji wanaouliza kwa nini Rockford hamfukuzi. Jibu liko katika namna anavyomtazama: anamwona mtu ambaye yeye mwenyewe angeweza kuwa, laiti San Quentin ingemvunja.

Kwa uandishi, misimu ninayoisifu kwa moyo wote ni ya pili, ya tatu na ya nne. Juanita Bartlett aliandika sehemu nyingi bora, hasa zile zenye wahusika wa kando walio na maisha yao, na katika misimu ya baadaye aliingia David Chase, ambaye miaka ya mbele alikuja kuibuni tamthilia ya The Sopranos. Mwaka 1978 tamthilia ilipewa Emmy ya tamthilia bora, mwaka mmoja baada ya Garner kupata ya mwigizaji bora. Ningetaka msomaji azitafute sehemu mbili hasa.

Ya kwanza ni "So Help Me God" ya msimu wa tatu. Rockford anaitwa mbele ya baraza la raia linalochunguza kama kuna watu wanaopaswa kushtakiwa, anahojiwa kuhusu mtu aliyetoweka, na haruhusiwi kuingia na wakili wake. Hana analolijua. Anaishia kuwekwa mahabusu kwa kosa la kudharau mahakama, na kilichomwogofya mtazamaji ni adabu ya watu wote wanaohusika: hakuna anayepiga kelele, hakuna jambazi, kuna mwendesha mashtaka anayefuata utaratibu neno kwa neno na mtu mmoja anayezidi kupotea ndani ya utaratibu huo. Garner anapunguza uchangamfu wake kidogo kidogo mpaka mwishoni anabaki mtu mzito, aliyekasirika kwa haki.

Ya pili ni "The House on Willis Avenue", sehemu ndefu iliyorushwa Februari 1978. Mpelelezi mzee aliyemfundisha Rockford kazi anakufa katika ajali ya gari, na katika kufuatilia kifo hicho Rockford, pamoja na kijana mwenzake katika fani, Richie Brockelman, anagundua majengo yasiyo na madirisha ambamo kompyuta zinakusanya habari za siri za wakazi wa kawaida, madeni yao, magonjwa yao na rafiki zao. Sehemu inafungwa kwa maandishi yanayomtahadharisha mtazamaji kwamba vituo vya aina hiyo vipo na kwamba raia hana haki ya kisheria ya kujua kilichoandikwa juu yake. Niliiangalia usiku, simu yangu ikiwa mezani pembeni, programu kadhaa zikiwa wazi ambazo nilizipa ruhusa bila kusoma masharti. Niliisoma ile kurasa ya maandishi mara mbili. Mwaka 1978 kompyuta ya nyumbani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuuzwa.

Yapo mapungufu, na mengine si madogo. Mbio za magari zinachukua muda mwingi mno, hasa katika msimu wa kwanza na katika sehemu zilizorefushwa kuwa mbili, ambamo mtu anahisi wazi kwamba hadithi ya saa moja imevutwa ijaze mbili. Nakiri kwamba gari lenyewe, Pontiac Firebird Esprit ya rangi ya dhahabu inayoelekea shaba, ni zuri, na kwamba Garner, aliyejifunza kuendesha magari ya mashindano kwa ajili ya filamu ya mwaka 1966, aliendesha mwenyewe sehemu kubwa ya mbio hizo. Ule ujanja wa kurudi nyuma kwa kasi kisha kuligeuza gari ghafla likabaki linaelekea mbele bado unaitwa kwa jina la Rockford na madereva wa Marekani. Lakini ukiutazama mara ya thelathini unaanza kutamani arudi kuzungumza. Vilevile majambazi wenye suti, wanaotumwa na mkubwa asiyeonekana, wanajirudia bila kutofautiana.

Linaloniuma zaidi ni wakili Beth Davenport. Gretchen Corbett alimfanya awe mwanamke mwenye akili kali na hasira ya haki, anayemtoa Rockford rumande huku akimgombeza kwa kila hatua ya korido, na kila mara wanapokuwa pamoja maongezi yanapata makali. Baada ya msimu wa nne hayupo tena. Hakuagwa ipasavyo, na nafasi yake haikujazwa na mtu mwenye uzito huo. Rita Moreno, aliyepata Emmy mwaka 1978 kwa kuigiza mgeni katika tamthilia hii, anaonyesha ni kiasi gani waandishi hawa waliweza kumwandikia mwanamke walipotaka. Kwa hiyo ukimya uliofuata baada ya Beth hauna udhuru.

Misimu miwili ya mwisho ina furaha yake. Tom Selleck, kabla hajapata umaarufu kwa tamthilia yake mwenyewe mwaka 1980, anakuja kama Lance White, mpelelezi asiyekosea, asiyechafuka, ambaye dalili zinamwangukia mikononi na wateja wanamlipa kwa shukrani. Rockford anamtazama kwa mshangao wa mtu anayeona kila kanuni ya maisha yake ikivunjwa bila adhabu, na kwa kumweka Lance kando yake waandishi walitueleza wazi kwa nini wao walichagua kumwandika yule mwingine.

Tamthilia ilikatika katikati ya msimu wa sita kwa sababu mwili wa Garner ulikuwa umechoka. Alikuwa akionekana karibu katika kila tukio, akianguka na kukimbia mwenyewe, magoti yake yalikuwa mabovu na vidonda vya tumbo vilimlaza. Baadaye aliishtaki kampuni ya Universal, iliyoitayarisha tamthilia, kuhusu sehemu yake ya faida, na shauri hilo likamalizwa nje ya mahakama mwaka 1989. Ninalitaja kwa sababu mtu aliyeigiza kwa miaka mingi nafasi ya mfanyakazi anayedai chake alilazimika kufanya hivyo hivyo katika maisha yake, na ukilijua hilo, ile taya inayokaza inatazamika kwa jicho jingine.

Kuhusu kuipata: seti niliyonunua ni ya diski, imebaki na picha ya umbo la mraba la televisheni za zamani, na rangi za jua la California zimehifadhiwa vizuri. Duka lililoniuzia liliniletea diski moja ya msimu wa tano ikiwa na mikwaruzo, ikawa inakwama katikati ya sehemu, na ilinichukua wiki tatu kubadilishiwa. Kwa hiyo mnunuzi azijaribu diski zote mapema kabla muda wa kurudisha haujaisha. Seti yangu haina maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Kiingereza chake ni cha haraka, chenye misemo ya magereza na ya mitaa ya miaka ya 1970, na mtu ambaye hajakizoea awe tayari kurudisha nyuma mara kwa mara, hasa Angel anapozungumza. Muziki wa utangulizi wa Mike Post na Pete Carpenter, ule wenye harmonika na kinanda cha umeme uliopanda hadi katika nyimbo kumi bora za Marekani mwaka 1975, unasikika safi kabisa.

Asiyewahi kuitazama asianze na filamu ya utangulizi, kwa kuwa ndani yake yumo baba mwingine na mwendo bado haujapatikana. Aanze na msimu wa kwanza, avumilie mbio za magari, na afikapo msimu wa pili atakuwa amekwisha kuzoea trela lile na watu wake. Zipo pia filamu nane ambazo Garner aliziigiza kwa kituo cha CBS kati ya mwaka 1994 na 1999. Nilizitazama mbili. Noah Beery alifariki mwanzoni mwa Novemba 1994, na filamu ya kwanza ilirushwa mwishoni mwa mwezi huo huo. Rockford amezeeka, bado anadaiwa, bado anaishi kando ya bahari, lakini mlangoni haingii mzee mwenye mfuko wa chakula. Baada ya ile ya pili nilirudi kwenye diski ya kwanza ya msimu wa kwanza, nikaanza upya.